Moshi wa Mninga

Katika mafundi wote wa Sumbawanga, na wamejaa kila kona, ni mmoja tu anayemaliza kazi siku aliyoahidi. Fundi cherehani atakwambia njoo Jumatatu, ukienda Jumatatu kitambaa chako hata hakijakatwa. Fundi pikipiki atakwambia kuna kifaa kimoja bado kiko njiani kutoka Mbeya. Fundi Tadei wa Katandala hajawahi kumwambia mtu njoo kesho. Kazi ya leo hutoka leo, imepigwa msasa, imepakwa vanishi, vishikio vinang'aa. Anatengeneza majeneza, na mteja wake hana muda wa kusubiri.

Ungedhani mji mzima ungempenda kwa uaminifu huo. Mji unamheshimu, na hilo ni jambo lingine kabisa. Watu wakikutana naye njiani hutupa "Shikamoo fundi" harakaharaka, kisha wanahamia upande wa pili wa barabara. Kusema kweli ana kosa moja, nalo ni macho. Amepima watu kwa miaka thelathini, na sasa akikutazama huanzia utosini, anashuka taratibu hadi kwenye viatu, halafu anarudi kukadiria mabega. Hakusudii ubaya, ni mazoea ya kazi tu. Lakini wapo wagonjwa waliokuwa hoi kitandani ambao, walipoisikia sauti ya Tadei mlangoni amekuja kuwajulia hali, waliketi, wakaomba uji na kuutaka uwe na sukari ya kutosha.

Hayo yote Tadei aliyavumilia. Kilichomkaa rohoni kilikuwa ni chai.

Yeye na mkewe Valeria wanasali katika Jumuiya ya Mtakatifu Martha, yenye kaya kumi na nne. Kila Jumamosi asubuhi sala huhamia nyumba nyingine, na baada ya sala mwenye nyumba hutoa chai. Kwa katekista Teodori watu hunywa chai na viazi vitamu mpaka jua linapanda. Kwa Victor, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, hula chapati na kuomba nyingine. Hata kwa Mzee Evaristi walikuwa wanakunywa, na Mzee Evaristi alikuwa na maghala matatu ya mahindi na mkono mgumu usiojulikana mwisho wake. Alikuwa akiwatolea chai ya rangi isiyo na sukari, halafu anawaeleza kwa dakika ishirini jinsi sukari inavyoua, kwamba amewanyima kwa kuwapenda. Walikunywa na wakashukuru.

Zamu ya Tadei ikifika, mambo yanageuka. Ile "Amina" ya mwisho haijakauka midomoni, mmoja amekumbuka kaacha maharage jikoni. Wa pili ana mgonjwa. Wa tatu amefunga, na hiyo ni wiki ya Pasaka. Valeria anatoka na sinia la maandazi, anakuta viti vitupu na mlango uko wazi. Miaka ishirini na sita hajawahi kuosha kikombe cha mwanajumuiya. Mbwa wao ndiye aliyekuwa mnene kuliko mbwa wote wa Katandala.

Wanasema chakula cha nyumba ile kina vumbi la msiba. Watu walewale wakifiwa hugonga mlango wa Tadei kabla hata ya kumpigia padre simu, humshika mikono yote miwili, na kumwita baba. Wakishazika, mikono ileile wanaogopa kuipokelea andazi. Kama kuna aibu duniani, hiyo ni mojawapo, na mimi sitawasetiri.

Basi, mwaka juzi alikuja karakana Mzungu mmoja, mhandisi wa barabara aliyekuwa amemaliza mkataba. Alitaka makasha ya kufungashia vitu vyake. Kila kitu kiliingia kwenye makasha isipokuwa dude moja jeusi lenye magurudumu mawili, umbo la pipa lililolazwa, na ubavuni lina kisanduku chenye mfuniko. Lilikuwa jiko la moshi. Mhandisi alilitazama kwa huzuni, akasema halisafiriki, akamwachia Tadei pamoja na mifuko mitatu ya chakula chake.

Chakula cha jiko lile ni pelleti, yaani unga wa mbao ulioshindiliwa hadi ukawa vipande vidogo. Ukiviona mara ya kwanza utaapa vimetoka nyuma ya mbuzi, na majirani waliapa hivyohivyo. Unazijaza kwenye kile kisanduku cha ubavuni, unachomeka waya kwenye umeme, unachagua joto. Ndani kuna skrubu nene inayozunguka polepole na kusukuma pelleti chache chache hadi kwenye kikombe cha moto, na feni inapuliza moshi umzunguke aliyemo. Nasema aliyemo kwa sababu Tadei alisema hivyo. Miaka thelathini haifutiki kwa siku moja.

Tadei alilipenda jiko lile kuliko anavyopaswa mtu mzima kupenda chuma. Alilijengea kibanda chenye bati jipya, wakati bati la chumba chao cha kulala linavuja mpaka leo. Aliagiza migebuka mibichi kutoka Kasanga, akaikausha kwa saa sita huku amekaa mbele yake na miwani, akisoma joto kwa sauti kama anatangaza matokeo ya mtihani. Wanaokausha samaki kule ziwani kwa kuni na chanja, tangu enzi za mababu, wangecheka hadi waanguke majini. Kisha akageukia bega la nguruwe. Valeria naye akajaribu kuokea mkate ndani yake, ukaiva vizuri, rangi nzuri, isipokuwa ulinuka mgebuka kutoka kwenye ganda hadi katikati.

"Mkate wa samaki," alisema Tadei. "Ulaya wanaununua."

"Basi wapelekee," alisema Valeria.

Lakini nyama ilikuwa nyama kweli. Ilitoka laini, inajivua mfupa yenyewe, ina utando mwekundu wa moshi chini ya ngozi. Tadei alipolionja bega la kwanza alimwambia mkewe neno lililomfunua moyo wote. "Mama Herieth, hii hata Mwenyekiti hawezi kuikataa."

Mwenyekiti wa jumuiya ni Mama Agnesi, mdogo wake Mzee Evaristi. Ni mwanamke mrefu wa mita moja na sentimita sabini na mbili. Kipimo hicho kimetoka kwa Tadei, hakuna aliyemwuliza. Pale alipo Agnesi ndipo jumuiya ilipo. Akiketi wanaketi, akiaga wanaaga. Katika kikao cha mwezi wa tatu, walipouliza nani atapokea sherehe ya somo wao, Mtakatifu Martha, tarehe ishirini na tisa Julai, Tadei alisimama kabla ya wote, akasema sherehe itakuwa kwake na chakula chote ni chake. Watu walitazamana, hata sanamu ilisikitika. Lakini hakuna kanuni inayokataza, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kutaja sababu. Agnesi akaandika. Tadei akarudi nyumbani amekakamaa kwa furaha, akamwambia Valeria: "Safari hii wakiondoka bila kula, nahama jumuiya. Nahama na mji." Hakuwa anatania, na Valeria alijua. Usiku ule alianza kukunja nguo.

Sasa tatizo. Mifuko mitatu ya mhandisi iliisha kabla ya Pasaka, na pelleti haziuzwi Sumbawanga, wala Mbeya, wala popote ambapo mtoto wao Herieth aliulizia kwa simu. Mtu mwingine angekata tamaa. Tadei alitazama sakafu ya karakana yake, alipokuwa amekanyaga vumbi la mbao na maranda kwa miaka thelathini, akajipiga paji la uso.

Alichukua mashine ya Valeria ya kusagia nyama, bila ruhusa, akachanganya vumbi la mbao na uji mzito wa ulezi ili lishikane, akakoroga, akazungusha mpini. Zikatoka nyuzi nene. Alizikatakata, akazianika juu ya turubai, siku ya tatu zilikuwa ngumu kama alivyotaka. Alijitangaza kuwa mtu wa kwanza kutengeneza pelleti katika mkoa mzima wa Rukwa, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa anashindana naye, tumwachie cheo hicho.

Pelleti za paini zilitoa masizi, nyama ikawa nyeusi na chungu. Za mkaratusi zilikuwa na maajabu yake: nyama ilinukia dawa ya kifua, na Valeria aliyekuwa na mafua wiki nzima alikula vipande viwili akapona. Za mninga ndizo zilizokuwa zenyewe. Zilitoa moshi mwembamba, mtamu, wenye harufu inayomfanya mtu asimame njiani asahau alikokuwa anakwenda.

Ila mninga umepungua. Zamani watu walitengenezewa vitanda na makabati ya mninga. Siku hizi wananunua makochi ya sponji yaliyokuja na lori kutoka Dar es Salaam, yanabonyea kabla ya Krismasi, na hawajutii. Maskini huzikwa kwa paini. Mninga umebaki kuwa mbao ya mkubwa anapokufa. Na mwaka ule, kwa bahati ambayo Tadei aliiona mbaya, wakubwa wa Sumbawanga walikuwa wazima wa afya.

Hapa naomba nimseme kidogo, maana hata mtu unayempenda unaweza kumsema. Mwezi wa sita wote Tadei alikuwa mtu wa kujulia hali. Alikwenda kwa mzee fulani mwenye presha, akamkuta anachimba mtaro. Alikwenda kwa mwingine mwenye sukari, akamkuta amepungua tumbo na amenawiri. Kwa Mzee Evaristi, aliyekuwa akisumbuliwa na moyo, alikwenda mara mbili kwa wiki. Familia ya Evaristi ilisema, kumbe fundi ana utu kiasi hiki. Valeria, aliyemjua, alimsubiri mlangoni akirudi.

"Anaendeleaje?"

"Anaendelea," alijibu Tadei kwa unyonge.

"Baba Herieth, kaungame."

Alikwenda akaungama. Padre alimwambia nini hatujui, ila alirudi amejikunja na hakutembelea mgonjwa yeyote tena. Na ni hapo alipokuwa ameacha kabisa ndipo Mzee Evaristi alipofariki, tarehe kumi na nane Julai, baada ya kukataa chakula cha hospitali kwa hofu kwamba ataambiwa alipie.

Watoto wake walitaka sanduku la mninga, kubwa, lenye nakshi. Tadei alifanya kazi ile huku machozi yanamtoka, na sithubutu kusema yalikuwa ya nini. Mbao alizopewa zilikuwa nene, naye alizipiga randa, akazipiga tena, akazipiga hadi msaidizi wake akamwuliza kama marehemu ataonekana upande wa pili. Sanduku lilitoka zuri mno. Waombolezaji walilisifu kwa sauti. Karakana nzima ilinukia mninga mpya, na harufu hiyo ilisafiri na sanduku hadi sebuleni kwa marehemu, ambako Agnesi alikaa karibu nalo usiku na mchana.

Walimzika Alhamisi. Ijumaa Tadei alikuwa anazungusha mpini wa mashine ya nyama. Valeria alikuja akasimama mbele ya turubai, akatazama zile pelleti zilizoanikwa, nyekundu kidogo.

"Hizi ni za Mzee Evaristi?"

"Ni za mti, Mama Herieth. Mti umeota Mpanda huko. Evaristi haujui, na hata vumbi lake halikukutana naye. Lilibaki sakafuni kabla hajalala ndani."

"Hayo utawaambia wao?"

"Hawataniuliza."

Tarehe ishirini na tisa ilikuwa na baridi ile ya Julai ambayo Ufipa inaijua, na upepo ulikuwa unatoka upande wa karakana kwenda mjini. Mabega matatu ya nguruwe yalikuwa ndani ya jiko la moshi tangu siku iliyotangulia. Umeme ulikatika mara moja, Tadei akakimbia kuazima jenereta kwa Victor, na labda hiyo ndiyo iliyomleta Victor mapema, maana alitaka kujua jenereta lake linapika nini. Harufu ilifanya kazi ambayo matangazo ya Agnesi kwenye simu yalishindwa kuifanya miaka yote. Kaya kumi na nne zilikuja zote. Walikuja na wasiohusika, wakasema wamepita tu.

Walisali wakitazama kibanda kwa pembe ya jicho. Katekista Teodori, ambaye mahubiri yake hujulikana kwa urefu, alimaliza Injili, akasema Mtakatifu Martha alipika, nasi tumsifu Mungu, akaketi. Tadei akafungua mfuniko. Moshi uliinuka, na nyama ikaonekana inang'aa, nyekundu ya udongo. Mtu mmoja nyuma alisema "Yesu wangu" na haikuwa sala.

"Mkaa uko wapi?" aliuliza Victor.

Tadei alikuwa ameisubiri siku hiyo. Alieleza skrubu, akaeleza feni, akaeleza joto kwa nyuzi, akawaambia moto uko lakini hauonekani, hapo baadhi wakarudi nyuma hatua moja. Alikata nyama kwa mikono miwili, Valeria akagawa pamoja na ugali wa ulezi na mkate, ambao safari hii ulinukia vizuri. Kila mtu akawa na sahani mkononi. Hakuna aliyekula. Walimtazama Agnesi.

Agnesi aliinua sahani yake hadi puani. Alivuta harufu mara moja. Akavuta tena. Uso wake ukabadilika taratibu, kama mtu anayesikia sauti anayoifahamu chumba cha pili.

"Fundi," alisema. "Huu ni moshi wa mti gani?"

Valeria, aliyekuwa nyuma ya Agnesi, alimkonyeza mumewe kwa macho yote mawili. Midomo yake ilitengeneza neno mparachichi, waziwazi. Lilikuwa neno jepesi. Mparachichi kila mtu anao uani, haujazika mtu. Angelisema, na watu wangekula, na hadithi hii ingekuwa fupi.

Lakini fundi, hata kama atadanganya kila kitu kingine, mbao hadanganyi. Kuona mtu anakula moshi wa mninga safi huku anadhani ni mparachichi, hilo lilikuwa zaidi ya uwezo wake. Majivuno yalimfanyia kazi ambayo maungamo yalishindwa kuimaliza.

"Ni mninga, Mwenyekiti."

"Mninga wa wapi?"

Tadei alimtazama, na kwa mara ya kwanza hakuanzia utosini kushuka. Alimtazama usoni tu. "Ni maranda ya sanduku la kaka yako. Yalibaki sakafuni. Mwenyewe hajayagusa."

Sahani zilishuka kwa pamoja. Teodori aliyekuwa ameshamega kipande kidogo kwa siri alikishikilia shavuni, hamezi wala hatemi. Mama mmoja tayari alikuwa amekumbuka maharage yake. Tadei aliona migongo inaanza kugeuka, ile migongo ileile, na mikono yake ikaanza kuvua aproni. Valeria aliona anavyoifungua kamba, akajua anahama kweli.

Agnesi alikuwa bado anaitazama nyama.

"Kaka yangu Evaristi," alisema polepole, "ameishi miaka sitini na tisa. Maghala matatu. Mimi ni mdogo wake wa tumbo moja, na mwaka ule mvua ilipogoma nilikwenda kwake na debe tupu, nikarudi nalo tupu. Hapa jumuiyani amewanywesha maji ya moto miaka yote, na mkamshukuru." Aliwatazama mmoja mmoja, na wapo waliotazama chini. "Leo ndiyo siku ya kwanza Evaristi anampikia mtu. Mimi nikatae chakula cha kwanza cha kaka yangu?"

Akatia tonge mdomoni. Akatafuna. Akafumba macho.

"Niongeze hapo kwenye mafuta, fundi. Anadaiwa mengi."

Sijui nani alicheka kwanza. Nadhani ni Teodori, kwa sababu kile kipande cha shavuni kilimpalia wakampiga mgongo. Baada ya hapo hapakuwa na jumuiya, palikuwa na mikono. Walikula kama watu waliokuwa na deni la Evaristi, na ukiwauliza wote walikuwa nalo. Waliuma mifupa, wakapangusa sahani kwa mkate, wakamwita Tadei baba bila kufiwa na mtu. Mama wa maharage alifunga vipande vitatu kwenye mtandio.

Ilipobaki mifupa mitupu, mtu aliuliza kwa utani mwaka ujao mninga utatoka wapi. Macho ya kaya kumi na nne yalihama taratibu, yakamfikia Victor, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na tumbo la kumtosha. Tadei naye alimtazama, akaanzia utosini. Victor aliweka sahani chini, akasema kwake yeye paini inatosha kabisa, waandike.

Waliondoka alasiri, mmoja mmoja, bila haraka. Valeria alikusanya sahani, zote zikiwa chafu, akazipeleka bombani. Tadei alimkuta ameinama, maji yanamwagika, anasugua sahani moja ambayo ilikuwa safi kitambo.

"Acha, nitaosha mimi," alimwambia.

"Ziache," alisema Valeria. "Nimezisubiri mimi."